Kadi za Kiingereza za mlimani: shajara ya mradi, Aprili hadi Septemba 2025

Nafundisha Kiingereza jioni mjini Moshi, siku tatu kwa wiki, katika chumba cha kuazima. Wanafunzi wangu ni wapagazi wa Kilimanjaro, wapishi wa mlimani, waongozaji wasaidizi wachache na wahudumu wawili wa hoteli. Kiingereza wanacho. Shida ni kwamba kinawaangusha palepale kila mara, kwa maneno yaleyale, na maswali wanayoniuliza baada ya kipindi hayamo kwenye kitabu chochote tunachotumia. Nataka kuyakusanya na kuyatengenezea kadi za kutia mfukoni. Naandika kila hatua, pamoja na gharama na makosa yangu, ili mwalimu mwingine akitaka kufanya hivi aanzie pale nilipofika.

7 Aprili

Masika yameanza, safari za mlimani ni chache, darasa limejaa. Fundi seremala amenitengenezea sanduku lenye tundu juu kwa shilingi 9,000. Nimekata vikaratasi kutoka kwenye manila mbili, 1,400. Maagizo ni mafupi: ukiwa na swali kuhusu neno la Kiingereza, andika, tumbukiza, usiandike jina. Hilo la jina lina maana. Wapo watu wazima humu ambao wamebeba mizigo miaka kumi na wanaona aibu kuuliza mbele ya vijana.

24 Aprili

Vikaratasi 41. Nilifurahi mpaka nilipoanza kuvisoma. Zaidi ya nusu vina neno moja tu: “set”, “get”, “by”, “yet”. Cha “set” nilikishika mkononi muda mrefu. Aliyeandika alisikia nini? Jua kuzama? Kuanza safari? Kusimamisha hema? Seti ya sufuria? Katika kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, neno hilo ndilo lililokuwa na maelezo marefu kuliko yote, na mimi nilitegemea kulijibu kwa mstari mmoja.

Kumbe suluhisho lilishapatikana zamani. Kamusi hiyohiyo, iliyoanza kutoka kwa mafungu mwaka 1884 na kukamilika 1928, ilijengwa kwa vikaratasi vilivyotumwa na wasomaji wa kujitolea. Mhariri wake, James Murray, hakutaka neno tupu. Alitaka sentensi nzima ambamo neno lilikutwa, na mahali lilipotoka.

Nimetengeneza kikaratasi kipya chenye mistari mitatu: sentensi uliyoisikia au uliyoisema, nani alimwambia nani na wapi, na wewe ulitaka kusema nini kwa Kiswahili. Kurasa kumi za kopi, shilingi 1,000. Mstari wa tatu niliuongeza bila kuufikiria sana. Ndio uliobeba mradi wote.

16 Mei

Kosa la pili, na hili limenigharimu. Vikaratasi vipya vimekuja vizuri, nikateua maneno 60 ya Kiingereza, nikayapanga kwa alfabeti, kila moja na maana zake za Kiswahili. Kurasa nne, nakala 30, shilingi 12,000. Baada ya wiki mbili nikauliza nani ameitumia. Kimya.

Mpishi kijana ndiye aliyenifungua macho. Alisema, “Mwalimu, mgeni aliniuliza, ‘Is dinner ready?’ Nikamjibu, ‘Still.’ Akabaki ananitazama. Sasa kwenye karatasi yako nitafute nini? Neno ninalolitaka silijui, ndiyo maana nalitafuta.”

Ana haki kabisa. Yeye hakuanzia kwenye “still”. Alianzia kwenye “bado”. Swali la neno la Kiingereza, kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili, karibu kila mara ni swali la neno la Kiswahili lililo chini yake, neno moja letu linalofanya kazi ambazo Kiingereza kimewagawia watu wawili au watatu. Nimezitupa karatasi zote na kuanza upya, kichwa cha kila kadi kikiwa neno la Kiswahili.

Kadi ya kwanza, “bado”, tuliiandika pamoja ubaoni. “Bado” ina kazi mbili: jambo linaendelea, na jambo halijatimia. Kiingereza hakikubali kuzichanganya. “Bado nakula” ni “I'm still eating.” “Bado sijala” ni “I haven't eaten yet.” Na ukijibu kwa neno moja, “Bado”, Kiingereza chake ni “Not yet.” Yule kijana aliirudia hiyo ya mwisho mara tatu kwa sauti ya chini.

Dada mmoja wa hotelini akainua mkono: “Mbona nimesikia mgeni akisema, ‘I still haven't eaten’?” Swali zuri sana. Sentensi hiyo ni sahihi, ila ina manung'uniko ndani yake: nimesubiri, muda umepita, na mpaka sasa sijala. Tukaandika kwenye kadi, chini kabisa: ukisikia hivyo, mgeni amechoka kungoja, mshughulikie.

2 Juni

Kazi inakwenda kwa kasi baada ya kupata njia. Naandika yale yaliyotusumbua, mengine nayapita.

“Mpaka.” Mpishi mmoja aliwatangazia wageni jioni, “Breakfast is until seven.” Alikusudia kwamba ifikapo saa moja asubuhi chai itakuwa mezani. Wageni wakaelewa kwamba saa moja chai inaondolewa, wakatoka kwenye mahema saa kumi na mbili, maji hayajachemka. “Until” ni kwa jambo linaloendelea bila kukatika hadi saa fulani. “By” ni kwa jambo linalopaswa kuwa limetimia, isipite saa hiyo. Kipimo tulichokubaliana ni hiki: kama unaweza kuongeza “isipite” katika Kiswahili chako, sema “by”. Lala mpaka saa kumi na mbili, “until”. Uwe tayari saa kumi na mbili, isipite, “by”. Na kwa mahali, “mpaka Horombo”, kambi ya mlimani, si “until Horombo” bali “as far as Horombo”, au “to” peke yake. (Kuhama kutoka saa zetu kwenda zao wanakujua wote, kadi ya “saa” ina jedwali tu.)

“Azima.” Mtu anasema “niazime kalamu” na “nimeazima kalamu”, kitenzi ni kilekile, kwa hiyo “borrow me your pen” inatoka yenyewe. “Lend” ni mkono unaotoa, “borrow” ni mkono unaopokea. Kwa fedha Kiswahili chenyewe kinatenganisha, kukopa na kukopesha, na nilipowaonyesha hilo wengi walishika papo hapo.

“Sikia.” Nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia harufu, nasikia sauti. Kwa Kiingereza ni sauti tu ndiyo “hear”. Baridi na njaa ni “I'm cold”, “I'm hungry”. Harufu ni “smell”. Hii ya harufu nimeipigia mstari. Mtu anayepika kwa gesi akisema “I hear gas”, mgeni atatega sikio badala ya kutoka hemani.

“Mgeni.” Kikaratasi kimoja kilisema mwandishi wake alimtumia mgeni wake wa zamani ujumbe wa salamu ulioanza “Dear my stranger”, na hakujibiwa. Nilisoma hicho kikaratasi nikiwa peke yangu na kiliniuma. Kwetu mgeni ni neno la ukarimu, mgeni njoo mwenyeji apone. “Stranger” ni mtu usiyemjua, na ndani yake mna umbali, hata tahadhari. Aliyekuja kwako ni “guest”. Aliyekuja kutembelea mahali ni “visitor”. Wa nchi nyingine ni “foreigner”, neno lisilopendeza kumwambia mtu usoni. Makaratasi ya kampuni husema “client”. Nimesema darasani, bila kumtaja mtu kwa kuwa simjui: andika tena, anza na “Dear” na jina lake, mweleze.

“Kaa.” Hapa nimebishana na mwalimu mwenzangu. Yeye anasema “Where do you stay?” ni kosa. Mimi sikubali. Afrika Mashariki watu husema hivyo kwa maana ya kuishi na wanaelewana. Lakini mgeni kutoka Uingereza ukimuuliza hivyo atakutajia hoteli, maana kwake “stay” ni kukaa kwa muda na “live” ni makazi. Kadi inasema hivyo tu, bila neno “kosa”.

12 Juni

“Mizigo.” Mpagazi anasema “luggages” kwa sababu anaona mizigo saba mbele yake, na kwa Kiswahili ni mingi. Vivyo hivyo vifaa, “equipments”, na taarifa, “informations”. Maneno haya Kiingereza huyachukulia kama maji au mchanga. Ukitaka kuhesabu, hesabu kipande: “seven pieces of luggage”, au sema “bags” ambayo inahesabika. Nimewashauri watumie “bags”. Nywele nazo zinaingia hapa, “hair” za kichwani hazipewi wingi.

“Mkono na mguu.” Kuanzia kiganja hadi begani kwetu ni mkono. Wao wana “hand” na “arm”, “foot” na “leg”, hata kidole cha mguu kina jina lake, “toe”. Mlimani si jambo dogo: mgeni akisema “foot” angalia kiatu na malengelenge, akisema “leg” uliza goti na misuli. Nimechora mtu kwenye kadi badala ya maelezo.

Mpishi mzee kuliko wote darasani aliuliza kwa nini nyama ya ng'ombe isiwe “cow”, wakati kuku ni “chicken” akiwa hai na akiwa sufuriani. Nilimweleza habari ya 1066, Wanormani walipoiteka Uingereza na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa: mnyama akabaki na jina la Kiingereza la mchungaji, nyama ikachukua jina la Kifaransa la mezani, “beef”, “pork”, “mutton”. Akakaa kimya kidogo kisha akasema, “Kwa hiyo wachungaji hawakuwa wakila ile nyama.” Jioni nzima tuliongelea hilo. Nimempa kadi yake, “nyama”.

21 Juni

Uchapaji wa kwanza. Kadi 12, nne kwa kila karatasi ya A4, mbele na nyuma, kwa hiyo karatasi tatu kwa seti. Nimechapa seti nane kwa printa ya wino, 1,800 kwa seti, na laminesheni, yaani kufunikwa kwa plastiki, 3,000 kwa seti. Jumla 38,400. Nilipitisha kila karatasi nzima kwenye mashine, kisha nikakata kadi nne kwa mkasi. Zilipendeza. Seti nane zimepanda mlimani na watu wanane.

11 Julai

Seti tano zimerudi zimeharibika. Walipita njia ya Machame, msituni kulikuwa na mvua, na kadi zilikaa kwenye mfuko wa koti siku nzima. Nimezifungua moja moja mezani. Maji yameingia kwa pembeni, palepale nilipokata, kwa sababu mkasi ulikata plastiki na karatasi pamoja, na pembe ikabaki wazi kama sandwichi. Ndani, wino umeyeyuka. Kadi ya “mpaka” imekuwa doa la buluu.

Makosa mawili kwa mpigo. La kwanza ni wino: wa printa ile huyeyuka ukipata maji, lakini unga wa mashine ya fotokopi hauyeyuki. La pili ni mpangilio: kadi ikatwe kwanza, ndipo zipangwe nne ndani ya plastiki kwa kuachana upana wa kidole, zipite kwenye mashine, kisha mkasi upite katikati ya nafasi hiyo. Hapo kila kadi inabaki na ukingo wa plastiki iliyoshikana pande zote. Nimejaribu na kadi moja, nikailaza kwenye beseni la maji usiku kucha. Asubuhi ilikuwa kavu ndani.

19 Julai

Leo naandika kosa ambalo ni kubwa kuliko la maji.

Mwongozaji msaidizi mmoja, mtu mpole na makini, alibaki baada ya kipindi. Alikuwa na mgeni kutoka Uingereza, wako juu ya Horombo, zaidi ya mita 3,720. Mgeni alisimama akasema, “I think I'm going to be sick.” Mwongozaji alikuwa amesoma kadi yangu. Kadi ilisema: mgonjwa, “sick” au “ill”. Akaelewa kwamba mgeni anahisi ataugua, pengine kesho au keshokutwa. Akampa moyo, akamwambia kesho kuna mapumziko, wakaendelea kutembea. Hatua chache mbele mgeni alitapika, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemshika, alipiga goti kwenye jiwe.

“Mwalimu, nilidhani ninajua hilo neno,” alisema. “Ningeijua maana yake ningemkalisha.”

Alilijua kama nilivyomfundisha. Mstari mmoja, kwa neno ambalo mlimani ndilo linalohitaji mistari mingi kuliko yote. Kutapika na kichefuchefu, pamoja na kuumwa kichwa na kizunguzungu, ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, na mwongozaji anapaswa kuzijua mara tu zinapotajwa.

Nimeiandika kadi upya. Mbele: kwa Mwingereza, “I'm going to be sick” ni nataka kutapika, sasa hivi, simama. “I was sick in the night” ni nilitapika usiku. “I feel sick” ni nina kichefuchefu. Mmarekani akisema “I feel sick” anaweza kumaanisha naumwa tu kwa jumla; kichefuchefu mara nyingi atasema “sick to my stomach”, na kutapika “throw up”. “I'm ill” ni naumwa. Nyuma: “I have a cold” ni mafua, “I'm cold” ni baridi. Na chini, kwa herufi kubwa, swali ambalo mgeni wa nchi yoyote atalielewa: “Do you want to vomit?” Si swali la adabu za mezani. Liulizwe hivyohivyo.

Kadi zote za zamani nimeziomba zirudi. Saba nimepata, ya nane iko na mtu aliye mlimani, nimemtumia ujumbe mwongozaji wake.

10 Agosti

Baada ya hilo nilianza kusikiliza kwa sikio jingine, na nimekuta jambo ambalo halikuwa kwenye kikaratasi hata kimoja, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni swali.

Tulikuwa tukiigiza ukaguzi wa jioni, mimi ni mgeni, kijana ni mwongozaji. Akaniuliza kwa upole, “You don't have a headache?” Nikajibu kama Mwingereza, “No.” Akaniuliza kinaniuma sana au kidogo.

Kwa Kiswahili, ukiulizwa “Hujala?” na hujala, unajibu “Ndiyo, sijala.” “Ndiyo” inakubaliana na maneno ya muulizaji. “Hapana” ina maana umekosea, nimekula. Kwa Kiingereza “yes” na “no” hazimjali muulizaji. Kama jambo halipo, ni “no”, hata swali liwe la kukanusha. Kwa hiyo “No” yangu ilikuwa “hakiumi”, na yeye alisikia “hapana, si kweli, kinauma.” Hapo hakuna hasara. Nikamwambia tugeuze, nikajibu, “Yes.” Akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuandika daftarini kwamba mgeni hana tatizo. Nilikuwa nimemwambia kwamba kichwa kinaniuma.

Darasa zima lilinyamaza.

Nilijaribu kufundisha kanuni, jioni moja nzima. Wanaielewa, lakini usiku, kwenye baridi, na mgeni anayenong'ona, kanuni inapotea. Dawa imekuwa rahisi zaidi: mlimani usiulize kwa kukanusha. Usiseme “You don't have…” wala “You are not…”. Uliza “Do you have a headache?” na ukishajibiwa, rudia ulichoelewa kwa sentensi kamili: “So you have a headache.” Mgeni atakusahihisha mwenyewe. Tumefanya mazoezi jioni mbili, wawili wawili, mpaka ikawa inatoka bila kufikiri. Kadi inaitwa “ndiyo na hapana”. Ili ipate nafasi nimeondoa “nyama”. Mzee wa jikoni amekubali.

“Pole” nayo imepata maneno yake. Mgeni akijikwaa, wetu husema “Sorry!” na mgeni hujibu “It's not your fault”, akishangaa kwa nini anaombwa radhi. “Sorry” hapo husikika kama nimekukosea. Bora “Are you all right?” Kwa msiba, “I'm so sorry” inafaa kabisa. “Pole na kazi” haina mwenzake, na nimeandika hivyo kwenye kadi: mfundishe mgeni neno lenyewe. Wageni wengi wanajua “polepole” tangu siku ya kwanza na hufurahi kusikia kwamba kuna “pole” nyingine.

31 Agosti

Uchapaji wa pili. Kurasa sita za mfano kwa printa ya leza, 3,000. Kopi kwenye manila, 1,200 kwa seti, laminesheni 3,000, tundu moja kwenye kona na kamba ya kiatu, 300. Seti 20, shilingi 90,000. Kamba imependwa kuliko nilivyotarajia, kadi zinaning'inia kwenye begi na mtu anajisomea akitembea.

21 Septemba

Seti 20 zimepanda na kushuka, baadhi mara mbili. Maji hayajaingia hata kwenye moja. Kona za seti mbili zimepasuka kwenye tundu. Toboa mbali na ukingo, upana wa kidole gumba.

Jumla ya matumizi: 154,800. Kati ya hizo 50,400 zilikwenda kwenye orodha ya alfabeti na uchapaji wa kwanza. Anayeanza leo kwa njia hii atumie 104,400 kwa seti 20 na sanduku.

Yule mwongozaji msaidizi alinipigia simu akiwa getini, kabla hata hajapanda gari. Mgeni wake mmoja alisema “I feel a bit sick” saa nane usiku njiani kwenda kileleni. Alimkalisha, akamuuliza swali la kadi, kisha lile la kichwa, akarudia jibu. Vyote viwili vilikuwa ndiyo. Akamshusha.

Sanduku bado liko mlangoni. Leo lina vikaratasi sita, na vitatu vinahusu “nakuja”: mtu anaondoka mezani kwa muda mfupi, anasema “I'm coming”, na mgeni anaona anakwenda zake. Kadi ya 13 nitaianza Jumanne, na sentensi ya kwanza ninayo tayari: “I'll be right back.”